Kumpeleka Mama Mkwe Makere kwa Gari Lisilojua Kungoja

Tangu nirudi sijanywa chai yangu kwa amani. Kila anayepita lazima asimame: Baba Neema, tumesikia gari lilizima mara kumi na moja. Baba Neema, tumesikia uliziba njia malori ya watu yasipite. Baba Neema, ni kweli mama mkwe wako alisukuma gari? Ni kweli yote, isipokuwa hizo mara kumi na moja. Mimi niliacha kuhesabu baada ya ya saba. Basi nawaandikia mara moja, msomeane, mniache ninywe chai. Habari za vibali na barua za mwenyekiti naziruka, maana hizo hata mimi mwenyewe zilinichosha.

Na msiseme namvunjia heshima mama mkwe. Yeye ndiye aliyeanza kusimulia kisimani, tena kwake mimi ni mjinga kuliko nilivyo humu.

Kibondo, asubuhi ya Alhamisi

Wasiomfahamu: Mama Skolastika ni mama wa mke wangu, mjane, na mizinga ya nyuki aliyoachiwa na marehemu mumewe anaitunza mwenyewe. Ni mtu wa mila za zamani. Tangu nioe kwake, huu mwaka wa tisa, tulikuwa hatujasemezana ana kwa ana. Si kwamba tuligombana, la. Ni heshima. Akinihitaji atamwambia mtu, yule mtu aniambie, hata kama mimi nimesimama hapo hapo nasikia kila neno. Nikimpa kitu nakiweka chini, naye anakiokota nikishageuka. Ndivyo tulivyoishi, na tulipendana sana kwa namna hiyo.

Siku ya Jumanne mfanyabiashara mmoja wa baiskeli alimletea ujumbe kutoka kambi ya wakimbizi iliyo mbele ya Makere. Mdogo wake, Daforoza, alikuwa huko. Huyu Daforoza aliolewa ng'ambo, Burundi, akiwa msichana, na mara ya mwisho alipoonana na dada yake, mtoto wa mama mkwe, shemeji yangu Zabroni, alikuwa bado anabebwa mgongoni. Zabroni sasa ana watoto watano na upara. Vita vimemtoa Daforoza kwake, amevuka mpaka, yu hai. Ila Ijumaa asubuhi malori yangemchukua yeye na wenzake kuwapeleka kambi nyingine ya mbali, huko ambako mtu kama mama mkwe hafiki. Kwa hiyo ilikuwa ni kufika kabla ya malori kuondoka au basi tena, na wanawake wale wawili si vijana.

Basi la abiria lilikuwa limepita Jumatano, sisi bado tunafuatilia vibali. Ikabaki pikapu yangu, ile ya bluu ya kubebea maharage, ambayo mlango wake wa kushoto unafungwa kwa mpira. Nilijaza tangi jioni. Asubuhi mama mkwe alifika na kibuyu cha asali kwa ajili ya mdogo wake, akakifunga nyuma ubavuni mwa bodi. Alimwuliza Zabroni, mbele yangu, kama harufu ya petroli haitaingia kwenye asali. Nilimwambia Zabroni amwambie mama asiwe na wasiwasi. Kisha nikaingia ndani kunywa uji, na laiti nisingekunywa.

Tulikaa mbele watatu: mimi kwenye usukani, mama mkwe dirishani, na Zabroni katikati yetu kama ukuta. Tena ukuta unaokoroma, maana Zabroni hajawahi kukaa kwenye kitu kinachotikisika akabaki macho.

Kibondo hadi Kifura

Mwanzo mambo yalikuwa safi. Asubuhi ya baridi, ukungu bado bondeni, watu wanakwenda shamba na majembe begani, na mama mkwe anawapungia mkono kama mkuu wa wilaya. Karibu na Kifura nikapunguza mwendo kupisha ng'ombe. Gari likatetemeka, likakohoa mara mbili, likazima.

Lazima niseme ukweli wangu. Gari hili lilikuwa na ugonjwa wa zamani wa sailensi, ule mngurumo wa gari linapokuwa limesimama hukanyagi mafuta. Sailensi yake ilikuwa ndogo, kwa hiyo ukisimama bila kulipapasa mafuta kwa mguu, linakufia. Nikajua ni yale yale. Nikafungua boneti, nikakaza kidogo skrubu ya kabureta kupandisha mngurumo, nikangoja ng'ombe wapite na mchungaji wao anisimulie habari za mvua. Nikapiga stata, likawaka. Nikajiona fundi.

Nusu saa baadaye likazima tena, na safari hii si kwa kupunguza mwendo. Lilizima nikiwa nimekanyaga mafuta hadi chini, kama mtu aliyekatwa pumzi katikati ya sentensi.

Mteremko wa Malagarasi

Tulifika darajani kwa kuteremka tu, injini imezima, ambayo si sifa. Ng'ambo kuna mlima. Zabroni akaamka, akashuka, akakusanya watu waliokuwa wanaoga mtoni, wakaja kusukuma. Nikaangalia kwenye kioo cha pembeni ili nione kama wamejipanga, nani namwona kwenye kona ya bodi? Mama mkwe, kanga kiunoni, bega limekaa kwenye bati, anasukuma.

Niambieni, ungefanyaje? Siwezi kumwambia mama acha, maana sisemi naye. Nikampigia kelele Zabroni amwambie mama apumzike. Zabroni akaniletea jibu akihema: mama anasema mdogo wake hasubiri watu wanaopumzika. Nikatazama mbele, masikio yanawaka moto. Aibu niliyoipata pale sijawahi kuipata hata siku niliyofeli mtihani.

Juu ya mlima kuna gulio dogo, na kwenye gulio kuna fundi, mzee mmoja aliyekuwa zamani akitengeneza matrekta. Alilisikiliza gari kwa kuweka bisibisi kwenye injini na sikio kwenye bisibisi, akafumba macho. Akatamka kwamba ni platini na plagi, cheche hazitoki vizuri. Akatoa plagi zote nne, akazikwangua kwa msasa, akazipanga juu ya jani la mgomba kwa utaratibu wake, kisha akaenda kula. Alikula kwa muda wa saa nzima. Sisi nasi tukala: ugali wa muhogo na maharage ya mawese, na mama mkwe akala kwa mwuza uji mmoja, ametupa mgongo, kama inavyotakiwa.

Mzee aliporudi akafunga plagi zake, nikapiga stata, na gari likawaka kama jipya. Watu wa gulio wakapiga makofi. Mzee alitutazama kwa huruma, kama mtu aliyezoea kufufua wafu, akatuambia twende salama.

Mmeshajua. Nusu saa, tena hata haikutimia.

Porini kuelekea Makere

Kuanzia hapo nilijifunza jambo moja la ajabu: kila dawa ilifanya kazi. Hilo ndilo lililonitesa. Kama dawa zingekataa zote ningejua kutafuta kwingine, lakini kila mtu aliyegusa gari lile aliliponya, kwa nusu saa.

Nilifungua bomba la petroli kabla ya kabureta, nikalipuliza kwa mdomo, nikameza kidogo, nikatema, nikalirudisha. Likawaka. Nikasema, kumbe ni uchafu. Likazima. Akatokea dereva wa lori la mbao, mtu mkarimu mwenye kicheko kikubwa, akasema jua limepasha joto pampu, petroli inageuka mvuke kabla ya kufika. Akaloweka tambara kwenye maji yake ya kunywa, akalifunga kwenye pampu, akanipigia hadithi ndefu ya gari lililomfanyia hivyo hivyo mahali fulani nyikani. Hadithi ilipokwisha gari likawaka. Nikamshukuru hadi nikamshika mikono miwili. Akaondoka, na lori lake lilikuwa halijapotea machoni gari langu likazima tena.

Saa kumi alasiri mama mkwe aliacha kupunga mkono. Alikuwa ameshika rozari, anatazama jua. Nilipokuwa nimeinamia injini nilimsikia akimwuliza Zabroni kama kwa miguu tungefika. Zabroni akajibu kwamba labda mama angefika, yeye hapana. Mama hakucheka. Hapo ndipo mzaha wote uliniishia, nikaogopa kweli. Nilimwona kichwani mwangu, kesho yake, akifika kwenye uwanja mtupu wenye alama za magurudumu, mimi nikiwa ndiye niliyemfikisha pale.

Tulifika Makere jua likizama, kwa kusukuma na kuzima, kusukuma na kuzima. Mama mkwe alipata pa kulala kwa watu wa kanisani. Sisi tulilala hivyo hivyo, zaidi ya hapo sina la kusema.

Makere, asubuhi ya Ijumaa

Malori yalikuwa ya kuondoka saa tatu, na kutoka Makere hadi kambini si mbali kwa gari zima. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimeshaanza kutafuta fundi. Makere waliniambia kuna Mkongomani mmoja anauza migebuka sokoni, lakini kwao alikuwa fundi wa magari makubwa, kwa hiyo nimwombe aache samaki kidogo. Alikuja saa mbili imeshapita, anapangusa mikono, amevaa koti la suti juu ya fulana. Jina lake Dieudonné, nasi tukamwita Didone, naye akaridhika.

Huyu hakufungua boneti. Aliniomba niwashe. Likawaka vizuri, maana lilikuwa limepumzika usiku kucha. Akasimama tu, mikono nyuma. Tukangoja. Dakika zikaenda. Mama mkwe alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara na kibuyu chake cha asali mikononi, hataki tena kukifunga kwenye gari, nadhani alishakata shauri kutembea. Kisha mngurumo ukaanza kushuka, gari likatetemeka, likakohoa, likazima.

"Hii motere haiko mugonjwa," Didone akasema. "Iko na kiu."

Nikamwambia tangi lina petroli, nimejaza mwenyewe. Akasema anajua lina petroli. Akatembea hadi ubavuni mwa gari, akashika kifuniko cha tangi, akazungusha. Hakikuzunguka. Akaomba spana, akakigonga pembeni, akazungusha tena kwa nguvu zote.

Tangi likavuta pumzi. Sina namna nyingine ya kuwaeleza. Lilivuta hewa kwa sauti ndefu, fyuuuuu, kama mtu aliyetoka chini ya maji, na Zabroni akaruka nyuma.

Didone akanionyesha. Kwenye kifuniko kuna kitobo kidogo cha kupitishia hewa, ili petroli ikitoka hewa iingie kuchukua nafasi yake. Kitobo kile kilikuwa kimezibwa, na ukingo wote wa kifuniko umezungushiwa kitu kigumu cha rangi ya udongo, kilicholainishwa kwa kidole gumba. Tangi lilikuwa limekabwa koo. Injini ikivuta petroli, tangi nalo linairudisha, hadi injini inashindwa. Ukingoja kidogo, hewa inapenya taratibu, gari linawaka, na yule aliyekuwa anashika spana wakati huo anapata sifa. Fundi wa plagi, dereva wa mbao, mimi na mdomo wangu, sote tulikuwa tunaponya kwa kungoja.

Nikakwangua kile kitu kwa ukucha, nikanusa. Nta. Nta safi ya nyuki, ambayo huku kwetu hutumika kuziba mdomo wa kibuyu cha asali kisivuje wala harufu isiingie, na inazibwa hivyo hivyo, kwa kidole gumba, kuzunguka, bila kuacha pengo hata la sisimizi.

Nikainua macho. Mama mkwe alikuwa amejifunika kanga hadi machoni. Alikuwa ameshaelewa. Asubuhi ile ya Alhamisi, mimi nikinywa uji, yeye alikuwa ameona kifuniko chenye tundu kinachotoa harufu karibu na asali ya mdogo wake, akafanya kazi nzuri kama anavyojua yeye, akanisaidia na mimi petroli yangu isipotee. Kuniambia hakuweza, maana mama mkwe haendi kwa mkwewe kujisifu. Na mimi kwa siku nzima niliwauliza watu wote wa barabara ile kuhusu gari langu, waliokuwa wanaoga mtoni, wachunga ng'ombe, wauza uji, isipokuwa mtu aliyekaa nami gari moja. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini heshima nayo ina gharama yake.

"Nani alifunga bushon hivi?" Didone akauliza, akiinua kile kifuniko, na watu wa sokoni walikuwa wameshajaa.

"Mimi," nikasema. "Niliogopa vumbi."

Watu walicheka, jamani. Walinicheka hadi mwuza maandazi akaacha kupika. Didone akaniambia kwa upole kwamba hata mtu mnene anahitaji pua, na akakataa kunitoza chochote kwa sababu, alisema, hajafanya kazi, amefungua chupa tu. Nilicheka nao. Upande wa pili wa barabara kanga ilishuka kidogo, macho mawili yakanitazama moja kwa moja, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Kisha akaja, akapanda gari.

Getini

Sasa gari likawa linaruka. Lakini saa tatu ilikuwa imeshapita, na tulipofika kwenye lango la kambi, pale penye daraja la magogo juu ya mtaro, lori la kwanza lilikuwa limeshageuza pua kutoka nje. Nyuma yake matatu, yamejaa watu, magodoro, masufuria na kuku. Njia ni moja na inapita gari moja.

Mama mkwe hakungoja nisimame. Alifungua ule mpira wa mlango kama mtu aliyezaliwa nao, akashuka na kibuyu, akapita kando ya lori la kwanza akiita jina. Kwenye lori la pili mwanamke mmoja mwembamba mwenye kitambaa cheupe kichwani akasimama juu ya mizigo, akashika mdomo. Sikusikia walichosema, maana dereva wa lori la kwanza alikuwa ananipigia honi nirudi nyuma nimpishe.

Nikaweka mkono kwenye gia ya kurudi nyuma. Gari lilikuwa linanguruma taratibu, sailensi tamu ambayo sijawahi kuisikia tangu nilinunue. Nikazima.

Nikashuka, nikafungua boneti, nikashika kiuno. Nikawaambia madereva, ndugu zangu, limezima, na likizima huwa ni kazi.

Mnawajua madereva. Walishuka wote wanne. Mmoja akasema ni koili. Mwingine akasema ni kabureta, akaanza kukunja mikono ya shati. Wa tatu akaweka sikio. Wa nne, aliyekuwa mkubwa wao, mtu mzima mwenye mvi, alikuja dirishani, akachungulia ndani, akaona kwamba ni mimi niliyezima kwa ufunguo. Akanitazama. Kisha akageuka, akatazama lori la pili, ambako watu walikuwa wanampa mkono yule mwanamke mwembamba ashuke. Wale dada wawili wakakaa chini kwenye majani, magoti kwa magoti, wameshikana nyuso kama wanaotafuta kitu kilichoandikwa. Kibuyu kikafunguliwa. Wakaanza kula asali kwa vidole, na kuzungumza wote wawili kwa pamoja, hakuna anayesikiliza.

Yule dereva mwenye mvi akafuta miwani yake.

"Hii ni koili," akawaambia wenzake. "Tena ni ya kufungua taratibu. Washeni moto mchemshe chai."

Basi wakafungua koili yangu nzima iliyokuwa haina neno. Wakakwangua, wakapuliza, wakabishana. Abiria wakashuka malorini, watoto wakacheza, kuku wakafunguliwa miguu. Mimi nilishika spana ninayopewa na kutikisa kichwa panapotakiwa. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Jua lilipokuwa limepanda vizuri, Zabroni akaja kwangu, macho mekundu. Mama anasema gari limepona, akasema. Hakuongeza wala kupunguza neno.

Nikapiga stata. Nikarudi nyuma hadi kwenye majani. Malori yakapita moja moja, na lile la pili lilipotufikia Daforoza alikuwa amesimama juu, ameshika kibuyu kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine anapunga, anapiga kelele za Kirundi ambazo dada yake alizijibu zote. Mama mkwe alisimama kando yangu, hakuwa mbali hata hatua mbili, hadi vumbi likatulia barabarani.

"Saa nzima, mwanangu," akasema, bila kumtafuta Zabroni. "Mimi nilikuwa nimemwomba Mungu dakika tano."